ProBook imekufa katikati ya kusasisha BIOS. Programa ninayo, niandike au nisubiri?

Mchapaji wa Majengo

Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, Majengo, nina kibanda cha steshenari: kopi, barua za kazi, kadi za michango ya harusi. Laptopu yangu ni HP ProBook ya mtumba. Betri yake ni muongo, inasema ina asilimia 60 lakini ukichomoa chaja haimalizi dakika mbili.

Jumanne ikaniletea ujumbe kuna toleo jipya la BIOS, ile programu ya kwanza inayoamsha mashine. Nikabonyeza ndiyo (najua, msinicheke). Haijafika nusu, umeme ukakatika mtaa mzima. Betri ikafanya yale yale.

Tangu hapo nikiwasha feni inazunguka, kioo cheusi, taa ya Caps Lock inakonyeza. Nimetengeneza flashi ya kufufulia kwenye HP ya jirani, nikashika kitufe cha Windows na B huku nawasha. Taa ya flashi inawaka kidogo, basi. Fundi mmoja hapa mjini kaniambia bodi imekufa, nyingine laki mbili na nusu.

Nilisoma umeme VETA, kushika pasi ya kulehemu siogopi. Nimeagiza programa ya CH341A, kile kifaa cha USB cha kusoma na kuandika chipu, na klipu yake ya kubana chipu kutoka Kariakoo, imefika leo na basi. Chipu yenye BIOS nimeiona kwenye bodi, nimeipiga picha kwa simu nikakuza: Winbond 25Q128FV. Faili la BIOS nimeshusha kwenye tovuti ya HP. Nibane klipu niandike tu? Nina kadi 200 za harusi za wiki ijayo.

Kibosho Juu

Pole dada. Kabla ya yote hesabu hiyo taa inakonyeza mara ngapi kabla ya kupumzika, kisha linganisha na mwongozo wa mashine yako. Nimeshaona watu wanachokonoa BIOS kumbe ni RAM imelegea. Na diski haijaguswa na hayo mambo. Itoe, weka kwenye kasha la USB, chapa kadi kwa mashine ya jirani huku unaendelea na upasuaji.

Tatu Bomba

Mnamchosha bure. Dada, tafuta mtandaoni nakala ya BIOS ya ProBook kama yako, andika, funga skrubu. Nimefanya nne, zote zimewaka.

Fundi Ngarenaro

Mchapaji, simama hapo hapo. Usiandike kitu.

Kwanza hongera kwa kuisoma mpaka herufi ya mwisho, maana hiyo herufi ilinigharimu mimi. 25Q128FV inakula volti 3.3. Kuna ndugu yake 25Q128FW, umbo lile lile, miguu nane ile ile, huyo anakula 1.8. V na W, kwenye maandishi madogo kuliko chawa. Mwaka wangu wa kwanza hapa Arusha niliibana FW ya mwanafunzi bila kipande cha kushusha volti. Niliweka kidole juu ya chipu nikakitoa mbio. Mwenye mashine alikuwa amekaa kwenye benchi ananiangalia. Nililipa.

Wewe una FV, uko salama upande huo. Ila hiyo programa, kama ni ile nyeusi ya bei chee, ipime kwa mita kabla haijagusa bodi. Nyingi zinatoa 3.3 kwenye mguu wa umeme lakini mistari ya data inapanda karibu na 5. Watu watakwambia chipu zinavumilia. Nami navumilia konyagi, haina maana ni chakula. Yangu niliirekebisha kwa kuinua mguu wa 28 wa chipu ya CH341A na kuulisha 3.3.

Kubana: chaja nje, betri nje, na ile betri ya kidonge nje pia. Bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 15 umwage umeme uliobaki. Waya mwekundu wa klipu uende kwenye mguu namba 1, penye kitone.

Sasa kwa nini usiandike. 25Q128 ni megabiti 128, yaani megabaiti 16, na humo ndani BIOS ni mpangaji mmoja tu. Mwanzoni kuna ramani ya chipu nzima, kisha sehemu ya Intel ME (programu ya Intel inayosimamia bodi chini kwa chini), kisha ndiyo BIOS. Humo humo mna namba ya mashine yako na mara nyingi ufunguo wa Windows iliyokuja nayo. Faili la HP halina vitu hivyo, limetengenezwa kwa mashine zote za aina hiyo. Angalia ukubwa wake: chipu yako inataka baiti 16,777,216 kamili, si pungufu wala zaidi. Na hata likilingana, bado halijui jina lako.

Kwa hiyo soma kwanza. Soma mara tatu, linganisha, hifadhi sehemu mbili tofauti. Utasema imeharibika, naisomea nini? Hiyo ni maiti yenye vitambulisho mfukoni. Ukiandika juu yake umezika vyote.

Nakala ikiwa nzuri, ifungue kwa programu ya kuonyesha hex uone kwenye mstari ulioandikwa 00000010 pana 5A A5 F0 0F. Hiyo ni alama ya ramani ya Intel. Kisha tafuta namba iliyobandikwa chini ya laptopu yako. Ukiikuta, tuko pazuri.

Tatu Bomba, nne zimewaka, nakubali. Uliziuliza zinaitwa nani? Zinatembea na namba za mashine za watu wengine. Na sehemu ya ME ikiwa na hitilafu, mashine nyingi zinajizima baada ya dakika 30. Mteja anawasha kwako inawaka, anakulipa, anafika nyumbani.

Tatu Bomba

Sawa mzee. Moja ilirudi kwa kujizima. Nikamwambia ni joto.

Mchapaji wa Majengo

Shikamoo fundi. Programa ni nyeusi kweli, na mita imesoma 4.9 kwenye data. Nimeirekebisha hiyo ya mguu wa 28, kijana wa simu jirani kaniazima darubini yake.

Nimebana, nimesoma. Faili lote ni FF FF FF mwanzo mpaka mwisho. Ndiyo chipu imefutika?

Fundi Ngarenaro

Marahaba. Hapana, hujagusa chipu, umesoma hewa. Juu ya miguu huwa kuna utando au mabaki ya flaksi. Sugua kwa mswaki na spiriti, kausha, bana tena huku unasikilizia klipu ikae. Na chomeka programa moja kwa moja kwenye kompyuta, usitumie waya wa kurefushia.

Ikigoma kabisa itoe chipu kwa bloa ya hewa moto, maana kwenye bodi ule umeme mdogo wa programa unagawanywa na vitu vingine. Lakini jaribu klipu kwanza.

Mchapaji wa Majengo

Waya wa kurefushia nilikuwa nao! Nimeutoa, nimesugua. Ya kwanza na ya pili ziko sawa, ya tatu ikatofautiana. Nimebana upya, sasa tatu mfululizo zinafanana. 5A A5 F0 0F ipo. Namba ya mashine ipo, iko mbali kule chini.

Fundi Ngarenaro

Nitumie faragha nakala hiyo na faili la HP. Usiviweke hapa, vina kitambulisho chako. Nitachukua BIOS nzima ya HP, niipachike palipoharibika kwa UEFITool (programu ya kufungua na kuhariri faili za BIOS), na sehemu yenye namba yako niirudishe. ME yako nitaikagua, ila haikuwa inaandikwa umeme ulipokatika, nadhani nzima.

Ukiandika, programa ikimaliza iambie ihakiki. Halafu ukiwasha mara ya kwanza toa mikono. Itakaa giza, inaweza kuzima na kuwaka yenyewe. Usichomoe chaja kwa wasiwasi.

Kibosho Juu

Na usiwashe saa za mgao jamani.

Mchapaji wa Majengo

Wakuu, narudi. Nimeandika jana saa nne usiku, kuhakiki kumepita. Nikawasha. Giza. Ikazima yenyewe. Ikawaka. Giza tena, nikawa nimeshika waya wa chaja mkononi nakumbuka maneno ya fundi. Kisha nembo ya HP.

Namba ya mashine ni yangu, saa ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa, nimeirekebisha. Nimeiacha inafanya kazi kwa muda wa saa tatu, haijajizima. Fundi, wewe ukipita Moshi mtori uko kwangu.

Kadi zimefika 140. Sasa swali jingine: nani anajua pa kupata betri ya ProBook hapa Moshi isiyosema uongo?