Eti "jengo tu"! Aliyeandika hivyo kuhusu kanisa la Mt. Adalbert la Chicago aje hapa

MinaraMiwili: Wakuu, vidole vinatetemeka kwa hasira. Mnamjua, yule yule wa kila uzi. Leo kaandika: "Lilikuwa jengo tu, acheni kulia." Jengo tu!

Parokia ilianzishwa na wahamiaji wa Kipolandi mwaka 1874, pale Pilsen, mtaa wa Chicago. Kanisa lenyewe, kazi ya msanifu majengo Henry Schlacks, lilikamilika 1914, minara ya futi 185, shingo inavunjika kabla jicho halijafika juu. Wapolandi wakahama, Wamexico wakalishika, wakasali humo hadi lilipofungwa Julai 2019. Halafu mtu anabonyeza simu: jengo tu!

Kisingizio chake ni ubovu wa minara. Mnara wa matofali haufi kwa siku moja! Maji hupenya kwenye viungo, yanaganda, yanatanuka, tofali linapasuka. Chuma cha ndani kinashika kutu, kinavimba, kinasukuma matofali nje. Fundi akiziba kwa saruji ngumu badala ya chokaa, ndiyo kayafungia maji humo humo. Ukarabati ukiahirishwa miaka, bili inafika mamilioni ya dola. Novemba 2022 sanamu ya Pietà (Bikira Maria akimpakata Yesu aliyekufa) ilipohamishiwa kanisa la Mt. Paulo, waamini walikuwa nje wanapinga. Walikuwa wanatetea tofali? Jengo tu!!

Kanuni_Kwanza: Povu lote hilo na hujataja rufaa. Kwenye sheria za Kanisa Katoliki, kufuta parokia ni amri moja, kanuni 515. Kuliondolea kanisa hadhi ya ibada ni nyingine, kanuni 1222. Unapinga kila moja peke yake: siku 10 kumwomba askofu aibadilishe, akikataa siku 15 kupeleka Roma. Ukichelewa, kwisha habari.

MamaKwaya: @Kanuni_Kwanza ongeza miongozo ya Vatikano ya 2013: mpango wa jimbo kupunguza makanisa peke yake si sababu nzito ya kuliondolea kanisa hadhi ya ibada.

Detroit_Damu: Nyie mna jengo la kugombania. Kanisa la Immaculate Conception la Poletown, mtaa wa hapa Detroit, la Wapolandi pia, ilivunjwa 1981 kupisha kiwanda cha General Motors. Waamini walikalia chumba cha chini siku 29, polisi wakawatoa. Hilo ndilo la kufungulia uzi.

MinaraMiwili: Detroit inaingiaje? Mtu kasema JENGO TU!

Msimamizi_wa_Ndoa: Kinachoudhi zaidi ni vyeti vya ubatizo vya kufungia ndoa. Parokia ikifungwa watu wanaandikia anwani iliyokufa, harusi inakaribia. Daftari huhamia parokia iliyopokea waamini au hifadhi ya jimbo. Taja jina kama lilivyoandikwa siku ya ubatizo, tarehe na wazazi. Omba cheti kipya chenye maelezo ya pembeni, kisizidi miezi 6 tangu kitolewe. Nakala ya zamani ya kabatini haionyeshi kama mtu alishafunga ndoa.

MamaKwaya: Majina ya Kipolandi ndiyo balaa, herufi moja ikikosewa daftari zima linapekuliwa.

MinaraMiwili: Jamani, turudi kwenye "jengo tu".

Detroit_Damu: @Msimamizi_wa_Ndoa, kama na kipaimara kilifanyika parokia nyingine iliyofungwa, unaanzia wapi?

Msimamizi_wa_Ndoa: Kwenye daftari la ubatizo. Kipaimara kinatakiwa kiwe kimeandikwa pale pale.