Bolti za msingi wa pampu: bomba la plastiki linajazwa simiti au linaachwa tupu?

Kisima_Kirefu
Habari wakuu. Kuna pampu ya umwagiliaji, mota kilowati 37, mizunguko 1,480 kwa dakika. Pampu na mota ziko juu ya besi moja ya chuma yenye matundu sita ya bolti M20 (kipenyo mm 20), jumla kama kilo 700. Mchoro unaonyesha kila bolti imevalishwa bomba ndani ya zege, upande wa juu. Fundi wa zege anasema bomba hilo hujazwa simiti mashine ikishakaa, la sivyo bolti itacheza. Fundi mitambo anasema liachwe tupu. Tumfuate nani, na vipimo viweje? Msingi wa zamani bolti zilizikwa moja kwa moja kwenye zege, na nati zilikuwa zinalegea kila mara.

Spana24
Mfuate fundi mitambo. Bolti inashikiliwa chini na bamba lililozikwa, na juu na nati unayoikaza. Katikati inatakiwa iwe huru ili ivutike, na mvuto huo ndio unaobana besi.

Piga hesabu. M20 ya gredi 4.6 (chuma cha kawaida) ukiikaza hadi kilonewtoni 35 hivi, kwenye urefu huru wa mm 290 inavutika kama mm 0.2. Ukiizika bila bomba, urefu huru unabaki unene wa besi na grauti (simiti laini inayomiminwa kati ya zege na besi) tu, tuseme mm 50, nayo inavutika mm 0.035. Sasa rangi chini ya washa ikifinyika, au nyuzi za nati zikijikalia, mm 0.03 inapotea. Yenye bomba imepoteza kama asilimia 15 ya mbano. Isiyo na bomba imepoteza karibu wote. Hapo ndipo nati zenu zilipokuwa zinalegea, na washa za springi hazisaidii kitu.

Vipimo: bolti ya mm 500. Bomba la PVC la mm 50, urefu mm 240 (mara 12 ya kipenyo cha bolti, tundu la bomba lisipungue mara mbili ya kipenyo hicho). Chini ya bomba bolti iendelee mm 180 ndani ya zege, mwishoni bamba la mm 80 kwa 80 unene 12, na nati juu na chini yake. Inayobaki nje ni mm 80: grauti 30, besi 20, washa 4, nati 18, na nyuzi mbili tatu za kuchungulia.

MzeeWaZege
Fundi wa zege hajatunga, ila anachanganya vitu viwili. Kuna njia ya kuacha mashimo ya mraba kwenye msingi, kisha bolti ya ndoano inaning'inizwa humo na kumiminiwa grauti. Hilo shimo lazima lijazwe. Bomba la kwenye mchoro wako ni jambo jingine.

Kabla ya kumimina grauti, ziba mdomo wa bomba: sponji ndani, silikoni juu. Usipoziba, grauti inatiririka humo na kazi yote imeharibika bila mtu kuona. Maji nayo yakituama yanakula bolti mahali ambapo jicho halifiki. Sehemu ya bolti inayopita kwenye grauti izungushie tepu ya nailoni isigandamane.

Uzito wa msingi kwa mashine ya kuzunguka ni angalau mara tatu ya mashine, kwa hiyo tani 2.1. Boksi la mita 1.9 kwa 0.8, kina 0.6, linakupa tani 2.2 hivi. Bolti zishikwe na kiolezo cha plaiwudi nene, nati juu na chini, kisha pima mishazari kabla na mara baada ya kumwaga.

Sehemu ya juu ya zege ichongwe kwa tindo mpaka kokoto zionekane. Kwa grauti ya sementi, lowesha zege tangu jana yake, ufute maji yaliyosimama. Mimina kutoka upande mmoja tu hadi itokee upande wa pili. Ukimimina pande mbili unafungia hewa katikati. Ikishakauka gonga besi kwa nyundo ndogo, palipo wazi pataitika kama debe. Na tafadhali, simiti ya kawaida ya mchanga inasinyaa, tumia isiyosinyaa.

Kisima_Kirefu
Shukrani sana. Nati zikazwe lini na kwa nguvu gani? Na bolti ikitoka nje ya mstari wa tundu, bomba si linaruhusu kuipinda?

Spana24
Wakati wa kulevo (kusawazisha besi) kaza kwa mkono tu. Grauti ikifikia nguvu yake, legeza skrubu za kulevo (uwe umezipaka grisi kabla) na uondoe shimu (vibati vya kusawazishia) za muda, maana zikibaki ndizo zitakazobeba mashine badala ya grauti. Kisha toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza): Nm 140 nyuzi zikiwa kavu, Nm 105 zikiwa na mafuta. Kwa msalaba, raundi tatu: theluthi, theluthi mbili, kamili. Pima alaimenti ya kaplingi (kama shafti za mota na pampu ziko mstari mmoja), unganisha mabomba ya maji, pima tena. Flanji (sahani ya kuungia bomba) ikihitaji kuvutwa kwa nondo ili ikutane, rekebisha bomba, usiilazimishe pampu. Baada ya siku ya kwanza ya kazi rudia toki.

Kupinda: hapana. Kwa urefu wa mm 240, kusukuma kichwa cha M20 pembeni mm 2 tu kunaipa mkazo wa megapaskali 210 hivi, na gredi 4.6 inaanza kuharibika kwenye 240, kabla hata hujakaza. Mm 1 sawa.

MzeeWaZege
Ikizidi hapo panua tundu la besi, weka washa nene ya mm 10. Usiipashe bolti moto, hasa kama ni gredi 8.8 (chuma kigumu zaidi), ugumu wake unaondoka na huwezi kuurudisha hapo site.