Mjadala: Historia ya Ulaya ikifundishwa bila Pangani na Songea, imekamilika?

Salaam wakuu. Nipo Ujerumani, naleta hoja. Vyuo vikuu vya huku vina utaratibu mzuri: jioni milango inafunguliwa na mwananchi yeyote anaingia kusikiliza mhadhara bure. Leo Luther, wiki ijayo mapinduzi ya 1848. Lakini zikifika zamu za makoloni, mara nyingi mada inahamishiwa kwenye siku ya utamaduni wa Afrika, yenye ngoma, sambusa na meza ya vikapu. Je, ibaki huko au iingie kwenye ratiba kuu?

Mimi nasema iingie. Chukueni Hamburg. Jengo la mihadhara lililofunguliwa mwaka 1911 kwa fedha za mfanyabiashara Edmund Siemers lilikuwa makao ya Taasisi ya Ukoloni, iliyoanzishwa 1908 kuwaandaa watu wa kwenda makoloni. Chuo kikuu kikazaliwa hapo 1919. Mwaka 1922 ikasimamishwa nje sanamu ya Hermann von Wissmann, ile ile iliyokuwa Dar es Salaam tangu 1909 kabla Waingereza hawajaing'oa. Huyu ndiye aliyeongoza jeshi lililozima upinzani wa pwani yetu. Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani huo, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Chini ya Wissmann amechongwa askari Mwafrika, kainua uso kumtazama bwana wake. Wanafunzi waliiangusha sanamu 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968, na safari hiyo haikurudi. Sasa mhadhara juu ya vuguvugu la wanafunzi wa 1968 utautengaje na Pangani?

Mchangiaji, Ujerumani:
Kaka, hoja nzito, ila sikubali yote. Siku ya utamaduni ndiyo inayowaleta watu wetu. Mhadhara wa kawaida ni Kijerumani kigumu saa nzima, kisha maswali dakika chache, na kipaza sauti kinaishia safu za mbele. Mtu aliyetoka zamu ya usiku hospitalini hawezi kukalia hayo. Siku ya utamaduni anakuja na watoto, na ni huko mwanangu alikolisikia kwa mara ya kwanza jina la Kinjeketile, kiongozi wa kiroho wa vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Shuleni hajawahi kuambiwa. Ukiihamisha mada yote, tutabaki na ukumbi wa wastaafu wanaowajadili babu zetu sisi tusipokuwepo.

Mchangiaji, Songea:
Nawasoma kutoka huku. Mnabishania kumbi za Ujerumani, na wenye msiba tupo hapa. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja Songea, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji. Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, alinyongwa 1906, na fuvu lake bado linatafutwa. Nataka mhadhara huo huo wa chuo kikuu utolewe hapa, kwa Kiswahili, profesa akae mbele yetu mpaka maswali yaishe.

Mleta mada:
Dada, kwenye lugha na muda umenishika. Siku ya utamaduni ibaki, tena iongezewe nguvu. Ninachokataa ni kupangiwa kona moja. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia 1900. Mwaka 1905 alitaka kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani, Bertha, wakazuiwa kushuka Dar es Salaam. Akarejea Ujerumani, na baadaye akawa anapata riziki kwa kuzunguka akitoa mihadhara ya wazi juu ya Afrika Mashariki, hadi alipofariki 1927. Msomi wa kiwango chake, na mada ikawa hiyo hiyo: makoloni. Inaniuma kwamba karibu miaka mia baadaye msomi wetu bado anaitwa jioni ya Afrika tu.

Mpeni Vita vya Kwanza vya Dunia, vya 1914! Kila mwaka huku wanaeleza kwamba bunduki zilinyamaza tarehe 11 Novemba 1918. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, aliweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25. Siku hizo zote wapagazi walikuwa bado wanabeba mizigo, baada ya miaka ambayo maelfu kwa maelfu ya wenzao walikufa kwa njaa na maradhi. Hiyo ni historia ya Ulaya, na mahali pake ni mhadhara ule ule.

Ndugu wa Songea, naunga mkono asilimia mia. Hapo Makumbusho ya Maji Maji pana nafasi ya kukaa watu wangapi?