Naomba ushauri: donge la mkate wa chachu limeporomoka kwa joto

Wadau, habari za mchana. Mnaooka mikate ya chachu ya asili, ile isiyotiwa hamira ya dukani, nisaidieni. Niko Dar, na joto la Desemba mnalijua.

Asubuhi nimekanda unga wa ngano kilo moja, maji gramu 700, chachu 200, chumvi 20. Vipimo hivihivi mwezi wa saba havijawahi kuniangusha. Leo sasa: oda ya maandazi, watoto likizo wako miguuni, fundi bomba anagonga mlango, halafu umeme ukakatika na friji ikapoteza ubaridi. Kurudi kwenye bakuli, donge limeshainua mfuniko na kushuka lenyewe. Ukiligusa linanata vidoleni na kuvutika nyuzinyuzi, halishiki umbo kabisa, na harufu yake ni siki tupu.

Je, bado linaokoleka? Nafikiria kulimwaga kwenye trei yenye mafuta mengi, nitupie vitunguu juu na kuoka mkate bapa. Au niongeze unga mpya nikande upya? Hapo naogopa utakuwa mgumu na mchachu.

Na kwa kipindi hiki cha joto, mnapunguza chachu hadi gramu 100, mnatumia maji ya barafu, au vyote viwili? Nisiambiwe ninunue jenereta, jamani.

Mteja anafuata mikate miwili kesho saa tatu asubuhi, na umeme ndio kwanza umerudi.