Naombeni ushauri, nisome nini baada ya Cemetery Boys?

Habari zenu wadau, naombeni msaada nimekwama kabisa. Nimemaliza Cemetery Boys ya Aiden Thomas (2020), ile ya Yadriel, mvulana trans (yaani alizaliwa akahesabiwa msichana) anayeita mzimu wa binamu yake Miguel halafu anatokea Julian ambaye hataki kuondoka, yani pale wanapoanza kupendana huku mmoja ni mzimu sikuweza kulala mpaka nimalize. Tangu hapo kila kitabu nakiona hakina chumvi.

Nimejaribu The House in the Cerulean Sea ya TJ Klune, Linus na Arthur nimewapenda mno ila fumbo la kuumiza kichwa hamna. Nikaenda A Good Girl's Guide to Murder ya Holly Jackson, aisee upelelezi wake moto, unasoma yale mahojiano ya Pip, yule msichana anayepeleleza, na wewe unaanza kushuku watu, lakini uchawi hamna na mapenzi ni kidogo tu.

Sasa kuna kitabu chenye vyote, uchawi, fumbo la kweli na wapenzi wa jinsia moja ambao hawauawi mwishoni? Na kile cha pili cha Pip niendelee nacho au kinapoa?