Kadi za harusi zimetoka zambarau, nimlipe mchapaji?

TumainiD: Wakuu, naombeni ushauri, usingizi sipati. Kadi za harusi ya mdogo wangu kwenye simu ni bluu kali inayong'aa. Mchapaji wa Kariakoo kaleta zambarau iliyopooza, kadi 300, na sare za kamati ni bluu. Anadai nusu iliyobaki ya hela. Nimlipe?

Kibo84: Harusi za siku hizi ni mashindano. Sisi tulialika kwa mdomo, na ndoa ina miaka 30.

MzeeWaOfseti: Dada, kioo cha simu kinatoa mwanga wake chenyewe, mchanganyiko wa nyekundu, kijani na bluu. Karatasi haiwaki. Wino unameza sehemu ya mwanga unaoiangukia, unaorudi ndio unaouona. Bluu ile kali haifikiwi na rangi nne za kawaida za wino. Faili la kadi likigeuzwa hivi hivi kwenda rangi za wino, sayani (bluu ya kijani) na majenta (waridi iliyokolea) zinakaribiana wingi, zambarau inajitokeza. Mjuzi hupunguza majenta, mfano asilimia 70 kwa sayani asilimia 100. Sampuli ulionyeshwa?

ShangaziTanga: Pole mwanangu. Mimi niliagiza vitenge kwa picha ya WhatsApp, kijani cha chupa. Vilivyokuja ni rangi ya ndizi mbichi! Shughuli ilikuwa kesho yake, tukavivaa hivyo hivyo.

TumainiD: Asanteni, ila mimi nauliza habari ya hela.

MzeeWaOfseti: Na mimi nauliza habari ya sampuli.

TumainiD: Alinionyesha moja, nikasaini. Lakini ilikuwa usiku, dukani kuna taa ya manjano, ningeona nini? Halafu nimeshampa advansi mchapaji mwingine, sasa huyu wa kwanza nimlipe ya nini?

Kibo84: Kumbe! Saini ni saini, dada. Mlipe mtu jasho lake.

Jicho3: Uzi kama huu nimeshausoma, ila harusi ilikuwa ya binamu. Kesho "mchapaji mwingine" atatajwa, na namba ya simu juu. Tangazo hili.

TumainiD: Nimetaja duka gani? Lete huo uzi hapa tuuone.

ShangaziTanga: Si uweke picha ya kadi, mwanangu, yaishe?

MzeeWaOfseti: Picha haitasaidia, shangazi. Kila simu itaionyesha kwa rangi yake. Tangazo au si tangazo, huyo wa pili akipokea faili lile lile bila kulirekebisha, zambarau itarudi. Dada, mpelekee kipande cha kitambaa cha sare, akilinganishe na chati ya rangi zilizochapwa. Ukitaka bluu ifanane kabisa, ulizia wino maalumu uliochanganywa tayari, kama wa Pantone, ingawa bei itapanda. Sampuli itazame mchana, nje, ndipo usaini. Na wa kwanza mlipe.

TumainiD: Wa pili anasema ameshaanza kuchapa.

MzeeWaOfseti: Mpigie sasa hivi asimamishe mashine.

Jicho3: Nasubiri jina la duka.