Mama afungwe kijifuko cha moyo wakati wa upasuaji wa vali?

Binti_Muheza
Ndugu zangu, naomba ushauri. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 67, vali yake ya mitrali (mlango wa damu upande wa kushoto wa moyo) imebana kutokana na homa ya rumatiki ya utotoni, na atiria, yaani vyumba vya juu vya moyo wake, zinatetema badala ya kupiga kwa mpangilio. Madaktari watamwekea vali ya tishu ya mnyama, na wamependekeza wafunge pia kijifuko cha atiria ya kushoto. Wajomba wanahoji kwa nini kiguswe kitu kisichomuuma, nami nataka kujua kama baada ya hapo ataacha warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maana safari za kupima INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) zimemchosha.

Tabibu_Pwani
Pole kwa kuuguza, dada. Kijifuko hicho ni mabaki ya atiria ya kushoto ya kiinitete, ilhali sehemu kubwa ya atiria yenye ukuta laini hujengwa baadaye kutokana na mishipa ya mapafu. Ndani kimejaa vikunjo vya misuli, mdomo wake kwa kawaida ni mwembamba, na mara nyingi kina ndewe (vitawi vidogo) zaidi ya moja. Moyo ukipiga vizuri, hujikamua. Atiria zikitetema tu, damu hutuama humo na kuganda, na bonge likichomoka hupitia ventrikali ya kushoto (chumba cha chini cha moyo) hadi kwenye aota (mshipa mkuu wa damu), kisha huweza kufika kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Wajomba waelezwe kwamba hatari yake haitangulizwi na maumivu.

Hata hivyo, uchambuzi uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba, kwa wagonjwa wasio na ugonjwa wa vali wa rumatiki, takribani asilimia 90 ya mabonge ya atiria ya kushoto yalikuwa kijifukoni, lakini kwa wenye ugonjwa huo yalikuwa asilimia 57 tu. Nakusihi uuzingatie sana utofauti huu: kwa mama yako, hata kijifuko kikifungwa, atiria iliyotanuka inaweza kugandisha damu yenyewe.

Mzee_Kibwana
Mwanangu, kuna vidonge vipya visivyohitaji INR. Mwombeni daktari ambadilishie leo.

Nesi_Kliniki
Shikamoo, mzee. Kwa heshima zote, si leo. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliofanyika katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini kwa wagonjwa wa rumatiki wenye mapigo ya namna hii, ulionyesha kwamba waliotumia dawa za kundi la warfarini walipata matukio machache zaidi, kama kiharusi, na vifo vichache kuliko waliopewa rivaroxabani, kimojawapo cha vidonge hivyo vipya. Kabla ya upasuaji, mama asiiache warfarini wala kuibadilisha bila daktari wake.

Kuhusu kufunga kijifuko, mimi naunga mkono. Katika utafiti wa LAAOS III wa mwaka 2021, wagonjwa 4,811 waliokuwa wakipasuliwa moyo walifuatiliwa kwa wastani wa karibu miaka minne. Kiharusi au bonge kwenda kwingine mwilini kulitokea kwa asilimia 4.8 ya waliofungwa kijifuko na asilimia 7.0 ya wasiofungwa. Wengi katika makundi yote mawili waliendelea na dawa, kwa hiyo faida hiyo iliongezwa juu ya dawa, haikuchukua nafasi yake.

Binti_Muheza
Nimeelewa, asanteni. Basi safari za INR ni za maisha?

Tabibu_Pwani
Si lazima. Utafiti wa RIVER uliofanyika Brazil na kuchapishwa mwaka 2020 uliwahusu wagonjwa 1,005 wenye tatizo hili la mapigo na vali ya mitrali ya tishu, na rivaroxabani haikuwa duni kwa warfarini. Wengi wao walikuwa wamepita miezi mitatu tangu upasuaji, kwa hiyo swali hilo lipelekeni kliniki baada ya kipindi hicho, si kabla. Muulizeni pia daktari wa upasuaji kama atahakikisha kwa eko ya kupitia umio (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti kupitia njia ya chakula) kwamba hakuna damu inayopenya wala kishina kirefu cha kijifuko kilichobaki, kwa sababu kijifuko kilichofungwa nusu bado kinaweza kugandisha damu.